Umevaa Kazi ya Nani

Isidra Tzoc alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda cha mama yake, akimnywesha uji wa mahindi kwa kijiko, pale mlango ulipozibwa na mtu na chumba kikaingia giza. Nyumba ile ya udongo ilikuwa na mlango tu, haina dirisha. Mtu akisimama mlangoni, jua lote ni lake.

"Hodi," alisema mgeni, na kabla hajaitikiwa akawa ameshaingia. Marashi yake yalikuwa yametangulia.

Alikuwa Doña Mirtala, mke wa meya. Nyuma yake alisimama binti yake Yesly, msichana wa shule mwenye kucha za bandia, ameikumbatia simu kifuani na kuangalia anapokanyaga.

"Nan Sebastiana anaendeleaje?" Doña Mirtala aliuliza. Neno "Nan" alilitamka sawasawa, kama tunavyowaita mama zetu watu wazima huku Panul, maana na yeye alizaliwa kichochoro hikihiki, nyumba chache chini ya hapo, kabla mumewe hajawa meya na yeye hajaanza kuionea haya sketi yetu ya kufunga.

"Hapumui vizuri," Isidra alisema. "Kifua kinalia usiku kucha. Daktari wa zahanati amesema apelekwe hospitali ya mjini. Tumeomba gari la wagonjwa la manispaa, tunaambiwa halina mafuta."

"Maskini. Maskini Nan." Macho ya Doña Mirtala yalikuwa kwenye sanduku lililo chini ya picha ya mtakatifu.

Hakuna mwanamke wa Panul asiyejua kilichomo katika sanduku la mama wa mtu. Kwetu binti ndiye anayemfumia mama yake huipil ya kuzikiwa. Huipil ni blauzi zetu za kufuma, kila mji na yake. Ya Panul ni nyekundu ya kukolea, na kifuani ina ndege mwenye vichwa viwili. Ile ya kuzikiwa hufumwa kwa uzi ulio bora kuliko wote mtu atakaoupata maishani mwake, na shingo yake haikatwi. Hukaa hivyo imefumba, haina pa kupitisha kichwa, mpaka siku mwenyewe atakapokufa. Siku hiyo wanawake wa kanisani hukata duara la shingo, wakalichoma pamoja na ubani, na maiti akavishwa. Kisha kaburini, kabla ya udongo, mkubwa wao humwinamia maiti na kumuuliza: umevaa kazi ya nani? Binti ndiye anayemjibia mama yake. Akishajibu, wanaume hushika makoleo. Maiti asiyejibiwa, tunasema, huko aendako atakaa mlangoni, maana hawatajua ni wa nyumba gani.

Isidra aliifuma ile ya mama yake kwa miaka, nyuzi za mtande zimefungwa nguzoni upande mmoja na kiunoni kwake upande wa pili, kila alipopata nafasi kati ya kusaga mahindi ya watu na kufua nguo za watu. Mgongo wake haukunyooka tena vizuri tangu hapo. Hakuna kitu kingine alichowahi kukimaliza akakitazama na kusema, hiki ni kizuri.

"Jumapili ni sikukuu ya mji," Doña Mirtala alisema. "Yesly anagombea Malkia wa Utamaduni. Wanakuja watu wa utalii kutoka mji mkuu, na makamera yao. Nimezunguka mji mzima, Isidra. Wanawake wa siku hizi wanavaa za mashine. Ya kweli imebaki hapa tu."

"Hiyo si ya kuvaa, Doña. Hiyo ni ya mama."

"Si najua ni ya mama? Mimi mgeni hapa? Bibi yangu mwenyewe alizikwa na yake. Nani kasema ivaliwe? Mtoto ataibeba mikononi, imekunjwa, kama tunavyozibeba kanisani siku ya kubarikiwa. Atapita nayo mbele ya majaji, basi. Jioni iko sandukuni."

"Ina uzito?" Yesly aliuliza.

"Hebu nyamaza," alisema mama yake.

Isidra alikwangua uji uliobaki pembeni mwa bakuli. Alitafuta namna ya kusema hapana ambayo isingesikika kama hapana. Watu wetu tumejaliwa ufundi huo, ila siku ya kuuhitaji hasa hauji.

"Na hilo gari la wagonjwa," Doña Mirtala aliendelea, akijipangusa vumbi la mlangoni kwenye jinzi, "sijui nani kakuambia halina mafuta. Nitazungumza na mume wangu leo hii. Kesho asubuhi liko hapa nje. Ahadi ni deni, dada yangu. Sisi si tumecheza wote kichochoroni hapa?"

Kitandani, Nan Sebastiana alifumbua macho.

"Mirta," aliita. Mji mzima hakuna mwingine aliyethubutu kumwita hivyo. "Shingo isikatwe."

"Haikatwi, Nan."

"Niapie."

"Naapa kwa Santa Brígida mwenyewe, Nan wangu. Haikatwi."

Isidra akafungua sanduku. Juu kabisa ilikaa fulana ya njano, bado imo kwenye mfuko wake wa plastiki, ile ambayo meya, Don Everaldo, aliigawa wakati wa uchaguzi, na sura yake kifuani ikicheka na maneno DAIMA NAWE. Nan Sebastiana alikataa kuivaa hata shambani. Isidra aliisogeza, akatoa huipil, akaikabidhi kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. Baadaye hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Hakunyang'anywa. Alitoa.

Asubuhi alimvisha mama yake shali, akamkalisha mlangoni kwenye mkeka, uso ukitazama barabara, na kitita cha nguo miguuni. Kila gari lilipounguruma chini ya kilima Nan Sebastiana aliinua kidevu. Lilipita lori la mbogamboga, likapita basi la Xela, ikapita pikipiki ya muuza gesi. Jua lilipokuwa kali Isidra alimrudisha ndani. Kesho yake alimtoa tena, akamrudisha tena. Siku iliyofuata mama alisema, "Niache hapahapa," na Isidra akafunga shali yake kichwani na kushuka mjini.

Gari la wagonjwa lilikuwa uani kwa meya, jeupe, limeoshwa likang'aa. Dereva, Tat Lencho, alikuwa juu ya paa na vijana wawili, wanafunga spika kubwa kwa kamba.

"Tat Lencho," Isidra aliita kutoka chini. "Mafuta yamepatikana?"

Mzee alimwona, akaikaza kamba ambayo tayari ilikuwa imekaza.

"Mafuta yapo, dada. Nafasi ndiyo haipo. Kitanda kimetolewa, ndani kuna jenereta."

"Mama hapumui."

"Nimesikia. Baada ya sikukuu, wameniambia. Usinitazame hivyo, mimi naendesha tu. Nikikataa leo, kesho anaendesha mwingine, na mimi nina midomo sita nyumbani."

Isidra akaingia ndani bila kubisha hodi. Sebuleni, juu ya kigoda, Yesly alikuwa amesimama mikono imetanuka. Amevaa huipil. Ndege mwenye vichwa viwili alikuwa amekaa kifuani pake, na juu ya ndege, mahali ambapo palikuwa pazima, palikuwa na tundu lililoshonewa utepe wa dhahabu. Fundi cherehani alikuwa akizunguka kigoda na pini mdomoni.

Kwanza Isidra hakuhisi kitu. Kisha akashika ukuta.

"Doña. Uliapa."

"Isidra! Ungebisha hodi, jamani." Doña Mirtala alikuwa kwenye kochi, anapepea kucha zenye rangi mbichi. "Waandaaji wamebadilisha. Wanataka ivaliwe. Sasa ulitaka kichwa kipite wapi?"

"Hii haimfai mama tena. Nguo iliyopita kichwani kwa mwingine aliye hai haimfai maiti. Unajua."

"Mambo ya zamani hayo. Hata padri anayacheka." Alipuliza kucha. "Na kwani Nan amekufa? Mbona unamzika mzima mzima? Nitakununulia nyingine, dukani zipo, zinang'aa kuliko hii."

"Nilifuma mimi."

"Ndiyo, umefuma, na umefuma vizuri, nani anakunyima sifa? Badala ya kushukuru! Jumapili umati mzima utaiona kazi yako, mpaka kwenye runinga. Huko ulikotaka kuipeleka ingeonwa na nani? Na funza?"

Fundi cherehani aliinamisha kichwa akajifanya anatafuta uzi.

"Mama, labda niivue," Yesly alisema.

"Simama wima wewe, utapinda pindo."

Isidra aliona mkasi mezani. Aliuona vizuri kabisa, mkubwa, na mpini mweusi, na aliona jinsi ambavyo angeweza kuuchukua na kumaliza kazi iliyoanzwa, kutoka shingoni mpaka chini, vichwa viwili vya ndege kila kimoja upande wake. Mkono wake ulikuwa tayari. Lakini mama yake alikuwa kitandani anahesabu pumzi, na gari la wagonjwa lilikuwa la mume wa mwanamke huyu, na baada ya sikukuu bado lingekuwa lake.

"Samahani kwa kuingia bila hodi," alisema.

Chini ya kigoda, katikati ya vipande vya utepe, kilikuwapo kiduara chekundu, upana wa kisahani cha kahawa. Isidra aliinama akakiokota.

"Naomba hiki, Doña."

"Chukua tu, dada. Chukua," alisema Doña Mirtala, na kweli siku hiyo alikuwa mkarimu. "Na gari litakuja. Nan ni mgumu yule, atasubiri."

Nan Sebastiana aliuliza swali moja tu binti yake aliporudi. "Shingo?"

"Nzima, mama."

"Uliiona?"

"Niliiona kwa macho yangu."

Mama akafumba macho, ametulia. Isidra alitoka nje, akaenda nyuma ya nyumba kwenye mabua ya mahindi, akajiuma mkono mpaka alama za meno zikabaki. Kumdanganya mama yako ni dhambi kwetu, na kumdanganya mtu anayekufa ni nyingine. Hapo alikuwa amezibeba zote mbili, na hakujua kama angeweza kufanya vingine.

Mama alikufa Jumamosi mchana, jikoni maharage yakichemka. Kile kifua kilicholia wiki nzima kikanyamaza, na Isidra akakijua kimya hicho kabla hajageuka.

Wanawake wa kanisani walikuja na ubani. Wa kwanza alikuwa Nan Xepa, mkubwa wao, mwanamke mfupi aliyekwisha kuuliza lile swali makaburini kuliko mtu yeyote aliye hai. Alikwenda moja kwa moja kwenye sanduku, akalifungua, akasimama.

"Iko wapi?"

Isidra akamweleza. Hakuna aliyemkatiza. Alipofika kwenye mkasi, mwanamke mmoja akafanya ishara ya msalaba.

"Na nyingine? Mama yako alikuwa na huipil mbili za ujanani."

"Zilikwenda kwa wale wanunuzi wa Antigua, mwaka ule alipoumia mguu. Wanazikata, wanashonea mikoba."

"Hii aliyokufa ameivaa?"

"Nan, itazame. Imechakaa, imeshikiliwa na mwili tu. Ukiivua haivaliki tena."

Wanawake walitazamana. Kila mmoja alikuwa na huipil mwilini na pengine nyingine nyumbani, na kila mmoja angevua yake palepale lau ingefaa. Lakini nguo ya aliye hai ukimvisha maiti, humvuta mwenyewe. Mambo ya zamani, angesema Doña Mirtala. Basi hao ni watu wa zamani, na watoto wao bado wadogo. Hakuna aliyejitolea, na Isidra hakumlaumu yeyote.

Nguo mpya isiyokuwa na mtu ilikuwa moja tu katika nyumba ile. Nan Xepa aliitoa kwenye mfuko wa plastiki, akaikunjua. Meya alicheka kifuani.

"Hapana," Isidra alisema.

"Unataka tumzike uchi?"

Nan Xepa akaigeuza fulana nje ndani, kama tunavyogeuza nguo wakati wa msiba, na wakamvisha hivyo, maandishi yakielekea mwilini. Ilikuwa pana, ikabidi waikunje mgongoni. Uso wa Don Everaldo ulilala juu ya kifua cha Nan Sebastiana, ngozi kwa ngozi. Kitambaa kilikuwa chepesi, na ukiinama karibu meno yake yalionekana upande wa pili. Isidra alikiweka kile kiduara chekundu kooni pa mama yake, juu ya fulana. Kilikuwa kidogo sana. Kila walipotikisa mwili kilidondoka pembeni, na yeye akakirudisha.

Njia ya makaburini ni moja, inapita katikati ya uwanja wa kanisa. Jumapili walipofika kona ya soko, binamu zake wanne wamebeba jeneza la msonobari, wanawake nyuma na vyetezo vyao, walikuta kamba imevutwa barabarani. Kijana mwenye filimbi na kofia ya kamati aliwakimbilia.

"Nyie kundi gani?"

"Sisi ni mazishi," alisema mmoja wa binamu.

Kijana akaangalia jeneza, akaangalia nyuma yake, ambako farasi wenye riboni walikuwa wanapanga foleni, na nyuma ya farasi wacheza ngoma wa vinyago.

"Hamwezi kusubiri?"

"Padri anatusubiri juu, na akishuka leo harudi wiki hii. Na marehemu yumo humu tangu jana, mwanangu," Nan Xepa alisema. "Jua hili hulioni?"

"Basi ingieni hapa, nyuma ya farasi. Lakini msiache pengo, tafadhali, majaji wanapunguza alama."

Hivyo ndivyo Nan Sebastiana alivyoingia kwenye gwaride. Mbele kabisa lilikuwa gari la wagonjwa, king'ora kinalia, mtangazaji amekaa kando ya dereva na kipaza sauti. Tat Lencho alitazama kwenye kioo, akaliona jeneza, na kuanzia hapo hakutazama tena kioo. Nyuma ya gari lilikuja tela lililopambwa mahindi na maua, na juu yake Yesly.

Jua lilikuwa limeiangukia huipil barabara. Hata Isidra hakuwahi kuiona katika mwanga kama ule. Nyumbani kwake haukuwapo. Nyekundu ile iliwaka. Watu walikuwa wanapiga kelele za furaha, na kwa nukta moja, Mungu amsamehe, Isidra aliona fahari. Halafu akauona utepe wa dhahabu, akageuza uso.

"Nguo ya kuazima haisitiri matako," Nan Xepa alinong'ona.

Barabara inapopinda Yesly aligeuka kuwapungia watu wa nyuma, akaliona jeneza. Akamwona Isidra. Mkono wake ulipanda wenyewe shingoni, ukafunika utepe, na mdomo ukafunguka.

"Tabasamu!" Doña Mirtala alimpigia kelele kutoka ukingoni. "Yesly! Kamera ile kule! Tabasamu!"

Msichana akatabasamu. Mkono ulibaki shingoni kidogo, kisha ukaenda kupunga.

"Na sasa, mabibi na mabwana," sauti ilitoka juu ya paa la gari la wagonjwa, ikajaa uwanja mzima, "hata ratiba haikuwaahidi hili! Tazameni utajiri wa mila zetu! Mazishi ya asili ya Panul! Jeneza begani, akina mama na ubani wao, kama walivyofanya mababu! Utamaduni wetu uko hai! Makofi, wageni wetu, makofi!"

Wakapiga makofi. Wageni wa utalii walisimama kwenye viti vyao wapige picha vizuri. Kwenye roshani ya manispaa Don Everaldo alivua kofia, akaibana kifuani, akacheka kicheko kilekile cha fulana. Binamu mmoja wa Isidra, aliyezoea adabu, alitaka kuinamisha kichwa kuitikia.

"Tembea," Isidra alimwambia. "Tembea tu."

Makaburini padri alisoma upesi, maana alikuwa anangojwa uwanjani kumvisha malkia taji, akashuka kilima akiwa ameshika joho lake mkononi. Walibaki watu wa nyumbani. Kifuniko kilifunguliwa mara ya mwisho, kama desturi. Kiduara chekundu kilikuwa kimeteleza tena, kimelala kwenye mkunjo wa bega. Isidra aliinama akakirudisha kooni. Wanaume walishika makoleo, wakasimama kando ya udongo.

Nan Xepa akapiga magoti. Aliweka mkono kwenye ukingo wa jeneza, akamwinamia maiti sikioni. Alijua kilichovaliwa, alikivisha mwenyewe. Lakini swali ni lazima.

"Sebastiana," alisema kwa sauti, kila mtu asikie. "Umevaa kazi ya nani?"

Isidra alifungua mdomo. Jina lake lilikuwa palepale kwenye ulimi, jina alilolitayarisha miaka yote ile akivuta uzi wa mshindio, na lilikuwa uongo. La kweli lilikuwa upande wa ndani wa fulana, linacheka kwenye mbavu za mama yake.

Kutoka chini, upepo ukaleta sauti ya mtangazaji, vipande vipande. "...Malkia wetu mpya... vazi hili la kipekee, kazi ya nyumba ya meya wetu mpendwa, Don Everaldo, na mkewe..." Marimba ikaanza. Fataki zikapasuka.

"Sebastiana," Nan Xepa alisema tena, chini kidogo. "Umevaa kazi ya nani?"

Mwanamume mmoja alichota udongo kwenye koleo lake. Nan Xepa akainua mkono bila kugeuka.

"Bado," alisema. "Hajajibiwa."

Mwanamume akasimama hivyo, koleo limejaa, akimtazama Isidra. Wote walikuwa wanamtazama Isidra. Chini mji mzima ulikuwa unapiga makofi.